Nani Ameusukuma Ukuta?

Vijana wangu, juzi mmoja wenu alikuja kwangu na simu mkononi, akaniuliza neno la Kiingereza protrude hutafsiriwaje kwa Kiswahili. Simu ilikuwa imeshampa jibu, na jibu lenyewe lilikuwa zuri tu: kutokeza, kujitokeza, kuchomoza. Alitaka kuona kama mama mstaafu naye atasema vilevile. Nilicheka mpaka miwani ikaniponyoka, kwa sababu katika maneno yote ya Kiingereza ambayo angeweza kuniletea, alichagua lile ambalo nusura liue watu mtaani kwetu na kunifanya niutupe muhuri wangu ziwani. Nikamwambia akae nimsimulie. Akakaa, lakini kulikuwa na mtu anamsubiri ng'ambo, Goma, akaondoka na nusu ya hadithi. Basi hii hapa yote. Mwenye haraka aende sasa, maana nikishaanza sisimami.

Mnanijua kwa jina la Mama Muhuri. Jina langu halisi ni Espérance, ila hata kanisani wamelisahau. Kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu nimetafsiri karatasi za watu hapa Gisenyi: vyeti vya ndoa, vyeti vya shule, mikataba ya viwanja, barua za hospitali, na mara moja barua ya mapenzi ya kurasa tisa ambayo mwenyewe alitaka igongwe muhuri ili mchumba wake aiamini. Niliigonga. Leo wana wajukuu.

Nilizaliwa Goma. Nyumbani tulisema Kinyarwanda, mtaani Kiswahili, shuleni Kifaransa kwa fimbo. Kiingereza kilinikuta ukubwani, tulipokwisha kurudi Rwanda na maofisi yakaanza kukitumia. Nilijifunza jioni mezani pamoja na watoto wangu, wao wakinisahihisha kwa furaha isiyo na adabu. Kwa hiyo kila neno la Kiingereza lililoingia kichwani mwangu lilipitia kwanza mlango wa Kifaransa, likavua viatu, ndipo likafika sebuleni kwa Kiswahili. Wengi wa rika langu tulifanya kazi hivyo, na mara nyingi hakuna aliyeumia.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Papa Anselme. Huyu alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata jua likiwaka, aliyewahi kusomea upadri akaacha kwa sababu, alivyosema mwenyewe, alipenda Kilatini kuliko sala. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja kwenye barabara inayokwenda mpakani, katikati ya saluni na kibanda cha kuchaji simu. Nilipofika, simu zenyewe zilikuwa bado hazijaja, na hapo kibandani palikuwa pakiuzwa betri za redio. Tulikuwa na mashine mbili za chapa na boksi la karatasi za kaboni. Siku yangu ya pili niliweka kaboni kichwa chini, nikachapa cheti cha ndoa kizima, nakala ikajichapa mgongoni mwa karatasi ileile, kinyumenyume. Papa Anselme aliinua cheti dirishani, akakisoma kwa upande wa nyuma, akasema kwamba kwa ndoa ile nakala ya namna hiyo inafaa. Baadaye niliwajua maharusi wenyewe, nikaona hakukosea.

Lakini alikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha. Hakukubali kugonga muhuri kwenye tafsiri ya kitu ambacho mtafsiri hajakiona, kama kitu chenyewe kiko mahali ambapo miguu inafika. Karatasi ikisema nyumba, uende uione nyumba. Ikisema shimo, ukachungulie shimo. Ukirudi unasema umeona, yeye anakuuliza swali moja tu ambalo jibu lake haliwezi kupatikana kwenye karatasi. Ukilijibu, muhuri unashuka. Ukishindwa, unachukua koti lako ukaone.

Wiki yangu ya kwanza nilitafsiri mkataba wa shamba kule Cyanzarwe, lenye tangi la kuhifadhi maji ya mvua. Kifaransa changu kilikuwa safi, nilijivunia. Papa Anselme alisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaniuliza kifuniko cha tangi kinatoa sauti gani kikifungwa. Nikamwambia mkataba hausemi. Akavaa kofia yake sawasawa, tukatoka. Tulipanda pikapu ya viazi, tukakaa juu ya magunia kwenda na kurudi, na tulipofika tukakuta hakuna kifuniko, wala tangi. Kulikuwa na shimo lililotandikwa shitingi, turubai la plastiki la buluu, na chura ndani. Mnunuzi alikuwa karibu kununua chura.

Nilipenda kazi ile, jamani. Niliipenda mpaka usingizini! Mtu analipwa kwa kuingia kwenye nyua za watu na kushika vitu vyao kwa mkono. Nimeshika mizani za sokoni, magurudumu ya mashine ya kusaga, makaburi mawili, na goti la mzee mmoja ambaye barua ya daktari wake ilikuwa na neno nisilolielewa. Goti liliitikia kwa mlio, nami nikapata neno.

Sasa twende kwenye ukuta.

Mwaka huo Papa Anselme alikuwa ameshastaafu, miguu imemkatalia, anaishi juu kidogo katika sekta ya Rubavu kwa binti yake. Ofisi ilikuwa yangu peke yangu. Nilikuwa na kompyuta, nilikuwa na intaneti, na kusema kweli nilikuwa nimeanza kujiona. Kilikuwa kipindi cha mvua nyingi. Asubuhi moja alikuja mmoja wa wasuluhishi wa mtaa, akaniletea ukurasa mmoja wa Kiingereza. Kulikuwa na ugomvi wa majirani wawili nao walihitaji kuusoma ukurasa huo kwa lugha wanayoielewa.

Majirani wenyewe niliwafahamu kwa sura. Wa juu aliitwa Consolata, fundi cherehani, mjane. Kiwanja chake kiko mteremkoni, na udongo wa ua wake unashikiliwa na ukuta wa mawe meusi ya volkano, mrefu kupita mtu, ambao alikuwa ameujenga na marehemu mumewe. Wa chini, mguuni pa ukuta huo, aliishi Zaina, anayekaanga mandazi na kuuza chai kwenye jiko la mabati alilolisogeza karibu kabisa na mawe. Mmoja anakwenda misa, mwingine msikitini, na kwa miaka yote walikuwa wakiazimana chumvi na vitunguu kwa kupitishiana juu ya ukuta. Kisha Zaina akaanza kuona kwamba jiko lake linapungua. Kila mwezi nafasi ya kupita kati ya jiko na ukuta inakuwa nyembamba, mpaka ikabidi apite kwa ubavu. Akasema Consolata anamlia kiwanja kidogo kidogo. Wasuluhishi walimwomba enjinia mmoja kijana, aliyekulia Uganda, aje apime. Alipima, akaandika kwa Kiingereza chake kizuri kwamba ukuta protrudes sentimita arobaini kwenye kiwanja cha chini.

Mstari huo mmoja ndio uliobeba kila kitu. Nikaupitisha mlangoni kwa Kifaransa kama kawaida. Kifaransa kikaniambia dépasse, kupita kipimo. Nikaandika: ukuta umevuka mpaka kwa sentimita arobaini. Ilikuwa sentensi nyoofu, inasomeka vizuri. Nyumba yenyewe ilikuwa dakika kumi kwa pikipiki. Sikwenda, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na nilikuwa nimevaa viatu vipya. Andikeni hilo kwenye madaftari yenu: viatu vya rangi ya maziwa, kisigino kifupi. Nikagonga muhuri.

Ile karatasi yangu ilisomwa mbele ya watu. Ukuta haujiendei wenyewe, walisema, kwa hiyo kama umevuka kuna aliyeuvusha. Kufikia jioni Consolata alikuwa mwizi wa ardhi. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Zaina akaacha kumsalimu. Wasuluhishi wakaamua kwa upole kabisa kwamba Consolata aondoe mawe yaliyozidi, na kwa kuwa yeye ni mwanamke wa kiburi kizuri, alisema ataondoa kabla ya siku walizompa. Aliita mafundi watatu waje Jumamosi asubuhi na nyundo na tindo, wapunguze ukuta mpaka ulingane na mpaka.

Jumamosi hiyohiyo nilikwenda kumsalimu Papa Anselme na mkate. Alikuwa kitandani, kofia kichwani. Alipenda nimsimulie maneno yaliyopita ofisini kama wazee wengine wanavyopenda kusimuliwa mpira. Nikamtajia protrude, na mzee akaketi wima. Hamjawahi kumwona mtu akifurahi vile kwa kitenzi! Alisema hilo ni neno la Kilatini lililovaa suruali ya Kiingereza. Pro ni mbele. Trudere ni kusukuma. Kusukuma mbele. Akaanza kunihesabia jamaa zake kwa vidole: yule mvamizi ambaye Waingereza humwita intruder ni ndugu wa damu, aliyejisukuma ndani. Halafu kuna jut, alisema, kitenzi kingine cha kutokeza, ambacho kwa asili ni jeter yetu ya Kifaransa, kutupa, kilivuka bahari zamani kikabadilika sura. Na project, kutupa mbele. Hebu angalia, aliniambia, kitu kimoja kimetokeza, na watu wa kale wakakiona kwa namna mbili: hawa wanasema kimetupwa, wale wanasema kimesukumwa. Nikamwambia kwetu kwa Kiswahili kinatokeza, yaani kimetoka, kimejiendea kwa hiari yake. Tukacheka wote wawili. Nilikuwa na furaha ya ajabu, moyo unanidunda kama zamani.

Kisha akafuta machozi ya kicheko kwa pembe ya kofia, akauliza kwa utani tu:

"Bon. Na huyu ukuta yako, nani ameisukuma?"

Nikaendelea kucheka. Nikamwambia mwenye ukuta, bila shaka. Akaniangalia. Naijua ile sura.

"Ile mawe yake, Espé. Iko baridi ao haiko baridi?"

Nilitazama viatu vyangu. Mzee hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alichukua mkate akaanza kuumega, akasema taratibu kwamba mtu akihamisha ukuta, anauhamisha na mguu wake. Je, mguu wa ule ukuta ulikuwa umehama? Sikujua. Kama mguu haukuhama na tumbo ndilo limetoka, basi kuna kitu nyuma yake kinasukuma, na wanaolipasua tumbo hilo wanakifungulia mlango.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu kuna mjanja mmoja kati yenu atatoka hapa akidhani asili ya neno ndiyo maana yake. Sivyo. Yule enjinia alipoandika protrude hakuwa na Kilatini kichwani. Pua pia hutokeza, na hakuna anayeisukuma. Ukiniletea tafsiri inayosema pua imesukumwa mbele nitakurudishia karatasi usoni. Asili ya neno haithibitishi kitu. Kwangu siku ile ilifanya kazi moja tu, iliniinua kwenye kiti, na hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nimeikwepa kwa ajili ya viatu.

Nilitoka bila kuaga. Motari wa kwanza wa pikipiki niliyemwona nilimrukia mgongoni kabla hajasimama, nikamwambia ashuke mjini kwa Zaina wa mandazi, haraka. Alitaka kunipa kofia ngumu, nikaivaa kinyume. Njia nzima nilikuwa napiga hesabu ya mambo niliyoyajua na sikuyaunganisha: mvua ya wiki tatu, mteremko, maji ya paa la Consolata. Motari aliniuliza kama kuna mtu anajifungua. Nikamwambia kuna ukuta unajifungua, akaongeza mwendo.

Tulipofika mafundi walikuwa wameshaanza. Mmoja alikuwa kwenye ngazi, wawili chini, na mawe matatu yalikuwa yametolewa katikati ya tumbo la ukuta. Kwenye tundu hilo yalikuwa yanatoka maji ya udongo, membamba, mekundu. Chini yake kabisa, ndani ya jiko la mabati, Zaina alikuwa anakaanga mandazi. Jumamosi ni siku yake ya mauzo, alikuwa amekataa kuhama kwa sababu ya kelele za mafundi wa Consolata. Binti yake alikuwa anakanda unga, na mama mkwe wake, bibi asiyeweza kutembea, alikuwa kwenye kiti chake kando ya moto na kikombe cha chai.

Nilisema simameni. Hawakusimama. Nani atasimama kwa sababu ya mama mwenye kofia ya pikipiki iliyogeuzwa kisogo mbele? Nikapita kwa ubavu kati ya jiko na ukuta, viatu vyangu vya maziwa vikazama kwenye tope, nikaweka kiganja kwenye jiwe. Lilikuwa baridi, baridi ya kitu kilicholala ndani ya maji. Nikainama nikatazama mguu wa ukuta. Vigingi vya zamani vya mpaka vilikuwa pale, vimeshikamana na saruji ya mwanzo, na ukuta ulikuwa umekaa juu ya mstari wake kama siku ulipojengwa. Haukuwa umevuka popote.

Consolata alikuwa amesimama juu, uani kwake, mikono kiunoni. Aliniona.

"Mama Muhuri, we ndiyo uliandika ile karatasi," alisema, na mtaa mzima ulikuwa unasikiliza. "Leo unakuja kutuambia nini tena?"

Vijana wangu, nimekosea mara nyingi katika kazi hii, na karibu kila mara nilipata njia ya kusema kwamba mashine imekosea, au kaboni, au mteja. Pale hapakuwa na njia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilivua ile kofia, nikasema kwa sauti niliyoweza:

"Niliandika kitu mi sikuona. Karatasi yangu iko ya uongo. Consolata hajaiba hata sentimita moya. Udongo ndiyo iko nasukuma ukuta, na mukitoa jiwe ingine, itatuangukia."

Kisha fundi mkubwa, mtu wa makamo asiye na maneno mengi, aliacha nyundo hukohuko kwenye ngazi. Hakuniamini mimi, na alifanya vizuri. Alitoa timazi yake mfukoni, ile kamba yenye kipande cha chuma, akaishikilia juu kabisa ya ukuta na kuiacha ining'inie. Kamba ilipita mbali na mguu, na katikati ikalalia tumbo. Akashuka, akaweka kiganja chake karibu na changu. Akatazama maji yanayotoka kwenye tundu, yaliyokuwa yameongezeka unene. Aliongea kwa sauti ndogo sana.

"Mutoke wote. Polepole, lakini sasa."

Binti alitoka na unga wake. Mafundi wawili walimbeba bibi pamoja na kiti, naye alilalamika njia nzima kwamba wamemwagia chai yake. Zaina ndiye aliyetushinda. Alisema mafuta yako motoni, mandazi yako ndani ya mafuta, na hataki kuchezewa na watu walewale waliomchezea kwa ile karatasi. Alikuwa na haki. Nikamwambia mandazi yote nayanunua mimi, yaliyoiva na mabichi, atoke tu. Akazima moto kwa uangalifu wa kuudhi, akachukua beseni la yaliyoiva, akatoka.

Tulivuka barabara tukakaa kwenye baraza ya kinyozi. Mafundi walikwenda kutafuta miti ya kuegemeza. Consolata aliteremka akasimama mwisho mwingine wa baraza, mbali na Zaina. Tulikula mandazi kwa sababu hapakuwa na la kufanya. Baada ya saa moja hivi watu walianza kunitazama vibaya, na mimi mwenyewe nikaanza kufikiri kwamba nimekosea mara ya pili kwa ukuta mmoja. Kisha mvua ikaja.

Haikunyesha hata robo saa. Tulisikia sauti kama lori linamwaga mawe, na tumbo la ukuta likafunguka. Mawe yalitangulia, udongo ukafuata, mwekundu na mzito, na jiko la mabati likakunjwa mbele ya macho yetu. Sehemu ambayo kiti cha bibi kilikuwepo haikuonekana tena. Sufuria moja ilitoka chini ya vurugu ile, ikabingirika yenyewe mteremkoni, ikavuka barabara na kusimama mbele ya miguu yetu. Bibi aliitazama, akauliza kama kuna chai ndani.

Nililia na kucheka kwa pamoja. Watu walikuwa wanakumbatiana ovyo, hata motari wangu, ambaye kumbe hakuwa ameondoka, alimkumbatia kinyozi. Mimi nilikuwa nawaangalia wale wanawake wawili. Zaina alisogea kwenye benchi mpaka mwisho, hatua kwa hatua, mpaka akawa karibu na Consolata. Yalikuwa yamepita majuma bila neno kati yao.

"Ile chumvi yako ilikuwa mu jikoni," alimwambia.

Consolata alitazama lundo la mawe ya mumewe.

"Acha tu," alisema. "Tutaichimbua."

Enjinia alikuja mchana huohuo, viatu mkononi. Alikuwa amepima kwa urefu wa kifua kama alivyoombwa, na kipimo chake kilikuwa cha kweli. Hakuna aliyemwomba atazame chini, naye hakutazama, na mimi sikwenda kumuuliza. Hatukulaumiana. Tangu siku ile alikuwa akiandika amepima akiwa amesimama wapi, na kila alipokuwa na ukurasa wa kutafsiriwa alikuja kunichukua kwa pikipiki yake twende pamoja. Ukuta mpya ulijengwa na mafundi walewale, wakauwekea matundu ya kupumulia maji, na mfereji wa paa ukaelekezwa upande mwingine. Zaina alisogeza jiko lake hatua nne.

Lakini ukuta kuanguka hakukumsafisha Consolata. Karatasi yenye muhuri wangu ilikuwa bado kwenye faili la wasuluhishi, na karatasi haianguki na mvua. Watu walisema ukuta wa wizi ndio ulioanguka. Wateja wake hawakurudi. Wasuluhishi waliniambia wazi kwamba kauli ya mdomo haitoshi, nilete tafsiri nyingine iliyogongwa, waisome mbele ya watu walewale.

Niliandika usiku mmoja na mchana wake. Kwa ule mstari mmoja! Nilijaribu umetokeza, umebenuka, umejaa, umefura. Mwishowe niliandika kwamba ukuta umebenuka katikati kwa sentimita arobaini juu ya kiwanja cha chini, na chini yake, kama maelezo ya mtafsiri, kwamba mguu wa ukuta haujatoka kwenye mstari wa mpaka, mtafsiri ameuona kwa macho yake. Na chini kabisa nikaandika kwamba tafsiri ya kwanza ilikuwa na kosa, na kosa ni la Espérance, si la mtu mwingine. Mkono wangu ulikataa kugonga muhuri. Nilikuwa nimeuogopa. Kila nilipoushika niliona lile beseni la unga alilokuwa akikandia binti wa Zaina.

Nikauweka kwenye mkoba pamoja na karatasi, nikapanda kwa Papa Anselme. Nilimsimulia yote. Nilimwambia kwamba nikitoka pale nitapita ziwani niutupe, na kazi niwaachie wenye akili. Alinyoosha mkono akachukua karatasi, akaisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari. Hakusifu, hakusahihisha. Aliirudisha juu ya blanketi, akavuta kofia yake mpaka kwenye nyusi.

"Ile mawe," aliuliza. "Ilikuwa baridi?"

"Baridi, Papa. Na mkono yangu ilitoka na maji."

Alifungua mkoba wangu mwenyewe, akautoa muhuri, akaupumulia ule mpira kama alivyokuwa akifanya zamani wino ulipokauka, kisha akanishikisha.

"Bon. Sasa gonga."